Mpira, Mrija na Tundu: Maneno ya Chumba cha Moyo

Mgonjwa wa moyo atokaye Arash, wilayani Ngorongoro, aghalabu hupata habari za maradhi yake kwa hatua tatu. Daktari huyawaza kwa Kiingereza, huyatamka kwa Kiswahili, kisha ndugu aliyemsindikiza humfasiria mzee wake kwa Kimaasai, lugha ambayo moyo huitwa oltau. Katika makala haya tunakusudia kuitazama hatua ya pili. Neno likipotoka hapo, mfasiri wa hatua ya tatu hana la kulinyoosha, na mzee hutia dole gumba kwenye karatasi ya ridhaa bila kujua ameridhia nini.

Tuanze na chombo chenyewe. Katheta ni neno la asili ya Kigiriki lenye maana ya kitu kinachoshushwa ndani, na kwa muda mrefu lilihusu kutoa mkojo. Ndiyo sababu hospitalini kwetu chombo hicho huitwa mpira wa mkojo, au mpira tu. Mwaka 1929, katika mji wa Eberswalde nchini Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alichukua katheta hiyo hiyo ya mkojo, akaipenyeza katika mshipa wa mkono wake mwenyewe kiasi cha sentimita 65, kisha akaenda kwa miguu hadi chumba cha eksirei. Picha ilionyesha ncha imefika moyoni. Kazi hiyo iliendelezwa New York na André Cournand na Dickinson Richards, na mwaka 1956 wote watatu wakatunukiwa Tuzo ya Nobeli. Basi mgonjwa anayesikia "mpira" na kufikiria mkojo hakuikosea historia. Ila hajaelewa atakalofanyiwa.

Yaliyofuata tutayapitia upesi. Mwaka 1958 Mason Sones, huko Cleveland, alipata njia ya kupiga picha mishipa inayoulisha moyo wenyewe; mwaka 1977 Andreas Grüntzig, mjini Zurich, akaupanua mshipa wa moyo uliosongwa kwa kiputo kilichofungwa kwenye katheta; mwaka 1986 madaktari wa Ufaransa na Uswisi wakaanza kuacha ndani ya mshipa kikanda cha wavu wa chuma kiitwacho stenti. Wanaoshikilia kuwa neno la kigeni hujieleza lenyewe na wakumbuke kuwa jina hilo limetokana na Charles Stent, daktari wa meno wa London wa karne ya 19, ambaye hakupata kutibu moyo wa mtu yeyote.

Umasaini nako si ugenini katika historia hii. Katika miaka ya 1960 George Mann na wenzake kutoka Marekani waliwapima Wamaasai wa Tanganyika, wakitaka kujua kwa nini watu wanaokunywa maziwa na kula nyama kwa wingi hawaonekani kuugua mishipa ya moyo. Taarifa yao ya mwaka 1972, iliyotokana na kuchunguza mioyo ya wanaume 50 waliofariki, ilieleza kuwa kuta za mishipa yao zilikuwa zimenenepa kweli, lakini mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, hata damu ikaendelea kupita. Moyo wa Mmaasai umejadiliwa sana kwa Kiingereza. Kwa lugha anayoisikia mwenyewe, kidogo mno.

Hapa nchini upasuaji wa kufungua kifua ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 ikaundwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, jijini Dar es Salaam. Kabla ya hapo wagonjwa wengi walipelekwa India. Kwa Taasisi hiyo kuja, maneno nayo yalitakiwa upesi, na magazeti yakazoea kuandika "upasuaji wa tundu dogo bila kufungua kifua" unaofanywa katika "maabara".

Maneno yote mawili yana walakini. Maabara, kwa msikilizaji wa kawaida, ni mahali pa kupimwa damu na choo na kurudi nyumbani. Halimwandai mtu kulazwa mezani chini ya mtambo wa eksirei. Tundu ni kubwa zaidi. Mtoto aliyezaliwa na uwazi katika ukuta wa moyo husemwa ana "tundu la moyo", na huo uwazi mara nyingine huzibwa kwa chombo kipitishwacho ndani ya katheta. Mzazi akiambiwa kuwa mwenye tundu atatibiwa kwa tundu, asipoogopa ni ajabu. Twaonelea tundu liachiwe ugonjwa, na tiba ielezwe kama ilivyo: sindano huchomwa mshipani, penye paja au kiwiko cha mkono, baada ya kutiwa ganzi.

Kwa katheta yenyewe twapendelea mrija wa moyo. Wapo watakaopinga, kwani tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 mrija umekuwa alama ya unyonyaji, na wazee hawajasahau. Hata hivyo mrija huonyesha umbo la kitu chembamba kilicho wazi ndani, jambo ambalo mpira hauonyeshi. Chumba nacho kiitwe chumba cha tiba ya moyo kwa mrija. Ni jina refu, lakini lafasirika kwa Kimaasai neno kwa neno.

Mshipa bado unatusumbua. Ateri na vena zimo katika vitabu vya shule, ila nje ya darasa mshipa ni njia ya damu, ni neva, na ni ugonjwa wa kuvimba korodani. Mfasiri anayemwambia mzee kuwa "mshipa wako umeziba" na aongeze palepale: wa damu, wa moyoni.