Nax Si Mji wa Kupita Tu: Wikendi Zetu Zina Historia

Wasee wa Nax, tuongee ukweli. Kila Desemba ni wimbo uleule: "Hapa hakuna kitu, twende Coast." Sina ubaya na Coast. Ukiuliza wenyeji wa Mombasa wanapenda kufanya nini, jibu liko tayari: jioni kupunga upepo Mama Ngina, mihogo yenye pilipili na ndimu, kahawa chungu Mji wa Kale, bao barazani, picha pale Fort Jesus. Mji una historia na watu wake wanabarizi ndani yake kila siku.

Sasa sikia hii. Fort Jesus iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2011. Ziwa Nakuru, pamoja na Bogoria na Elementaita, liliingia mwaka huohuo. Kwa hivyo hiyo stori ya "Nakuru ni mahali pa kushuka kwenda msalani kisha safari inaendelea" imepitwa na wakati. Hata kitu tunachofuata Mombasa kiko hapa. Unataka bao? Panda matatu ya kuelekea Nairobi, ushukie Hyrax Hill, kilomita chache tu kutoka katikati ya mji. Pale juu kuna mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba wenyewe. Hakuna anayejua majina ya waliocheza, lakini walikaa palepale, upepo uleule, wakibishana nani kala kete za nani.

Hicho kilima kina mambo. Mary Leakey alichimba hapo 1937 na 1938, akakuta makaburi na mabaki ya makazi ya watu wa enzi tofauti kabisa: wafugaji wa Enzi ya Mawe, na wengine wa baadaye walioacha yale mashimo makubwa ambayo wenyeji huyaita ya Wasirikwa. Tangu 1943 mahali hapo ni mnara wa kitaifa. Na zamani za kale ziwa lilikuwa kubwa kiasi kwamba maji yalifika kilimani. Yaani hata sisi tulikuwa na ufuo.

Lakini sitaki kuwapa tu orodha ya mahali pa kupiga picha. Nataka tuulize kitu kimoja: nani aliruhusiwa kustarehe Nakuru? Hapo ndipo utaona wikendi yako si jambo dogo.

Reli ilianza Mombasa 1896 na kufika hapa 1900. Mwaka wa 1904 ulikuja mkataba uliowaondoa Wamaasai kwenye ardhi yao ya Bonde la Ufa, Nakuru na Naivasha zikiwemo, ili walowezi wapate mashamba. Kuanzia hapo mji ukapangwa kwa rangi. Wazungu juu Milimani, kwenye hewa safi na mandhari ya ziwa. Waafrika chini, Bondeni. Na kufikia 1920, kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kubeba kipande, karatasi ya alama za vidole na rekodi ya kazi ndani ya kikebe cha chuma, mara nyingi kikining'inia shingoni. Fikiria wewe, fomu tatu, Jumapili mchana, unaenda kutembea tu. Askari anakusimamisha: kipande kiko wapi, mwajiri wako ni nani, unatafuta nini huku? "Natembea tu" halikuwa jibu.

Ndio maana nikiona mbogi ya vijana wamepanda Menengai Jumamosi asubuhi na chupa za maji na spika ndogo, mimi siioni kama mambo ya kawaida. Menengai yenyewe ina uzito wake. Ni kreta ya volkano yenye upana wa kilomita 12 hivi upande mrefu, mojawapo ya kubwa zaidi Afrika, na mvuke bado unatoka mle chini. Karne ya 19 koo za Wamaasai zilipigana huko juu, na masimulizi yanasema wapiganaji wa Ilaikipiak walirushwa kwenye genge. Watu wengi hulihusisha jina la mlima na wafu hao. Leo wengine wanaenda kuomba mapangoni, wengine wanaenda kupiga selfi ukingoni. Mjue tu mnasimama wapi.

Kisha kuna Lord Egerton Castle kule Njoro. Kila mtu ana picha pale: wapenzi, maharusi, wanakwaya wakirekodi video. Mwenyewe alikuwa Maurice Egerton, bwana wa Kiingereza aliyeanza kuijenga 1938, vita vikaikatiza, ikakamilika 1954. Vyumba 52, vya mtu mmoja asiye na mke. Akafa 1958, baada ya miaka minne tu. Inasimuliwa kwamba mwanamke alimkataa, na tangu hapo hakutaka kuona mwanamke yeyote kwenye boma lake. Shule ya kilimo aliyoianzisha 1939 ilikuwa ya vijana wa kizungu. Hiyo ndiyo leo Chuo Kikuu cha Egerton, na mabinti wa Njoro, Molo na Rongai wanasoma humo bila kuomba ruhusa ya bwana yeyote. Kwangu mimi, kila msichana anayepozi kwenye ngazi za lile jumba anashinda mabishano ambayo Egerton hayupo kuyajibu.

Na mpira je? Mabingwa wa kwanza kabisa wa ligi ya taifa ya Kenya, 1963, mwaka uleule wa uhuru, hawakutoka Nairobi wala Mombasa. Walikuwa Nakuru All Stars. Mombasa ilisubiri hadi 1965, Feisal walipolichukua. Ukipita Afraha, kumbuka jina lenyewe lina shina moja na neno furaha.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Ziwa. Lilikuwa hifadhi ya ndege mwanzoni mwa miaka ya 60, likawa mbuga ya taifa 1968. Miaka ya karibuni maji yamepanda, yamemeza lango la zamani na barabara, yamefukuza familia zilizoishi kando yake. Maji yalipozidi, magadi yakapungua nguvu, chakula cha heroe kikapungua, na wengi wakahamia Bogoria. Haya yote yanatokea mlangoni petu, na nina marafiki waliozaliwa hapa ambao hawajawahi kuliona ziwa kwa karibu. Si uvivu. Mle ndani huruhusiwi kutembea kwa miguu kwa sababu ya wanyama, kwa hivyo lazima uwe na gari. Ongeza kiingilio, ongeza ndugu wadogo wawili, na mzazi wa Kaptembwo anafunga hesabu na kukaa nyumbani.

Kipande kiliondoka, ndiyo. Lakini ukiniuliza, gari limekuwa kipande kipya: kitu unachotakiwa kuonyesha langoni kabla hujaona ziwa linaloitwa kwa jina la mji wako. Tarehe 1 Desemba 2021 tulipewa hati ya jiji, la nne nchini. Jiji halipimwi kwa maghorofa pekee. Basi moja la umma la kuingia mbugani kila Jumamosi, kwa nauli ya mwanafunzi, lingefanya kazi kuliko mabango yote ya "Karibu Nakuru". Tuliombe kwa sauti. Kaunti ikituuliza maoni, tuende tukaseme hilo.

Wakati tunangoja, Hyrax Hill na Menengai vinafikika bila gari lako. Nendeni. Bebeni kete, au hata vijiwe, mkajifunze bao mbele ya lile la mwambani. Na mkiondoka, rudini na takataka zenu. Mahali ambapo mababu zetu walizuiwa kutembea, sisi tusipafanye jaa.