Bendera

Bendera ni neno la Wareno, bandeira, lililoshuka pwani likapanda hadi Lualaba. Kilingala nacho kinasema bendele.

Mji wa Kolwezi umeona bendera nyingi. Katanga ya Moïse Tshombe ilijitenga na Kongo tarehe 11 Julai 1960, na bendera yake ilikuwa nyekundu na nyeupe, mkanda wa kijani ukiikata kwa mshazari, na misalaba mitatu ya shaba. Misalaba hiyo ndiyo handa, fedha ya wafua shaba wa huku kabla ya mkoloni. Ninaiheshimu alama hiyo kuliko siasa iliyoibeba. Kolwezi ilikuwa ngome ya mwisho ya Katanga hiyo. Januari 1963 majeshi ya Umoja wa Mataifa yakaingia, na utengano ukaisha. Mwaka 1971 ikaja bendera ya Zaire, jina jipya la Kongo, kijani yenye mkono ulioshika mwenge. Tangu 2006 tunayo ya samawati, yenye nyota.

Methali husema bendera hufuata upepo, na humlenga kigeugeu. Lakini mbele ya ofisi za serikali bendera inapopandishwa asubuhi, wapita njia husimama kimya hadi ifike juu. Hapo hakuna kigeugeu.

Leo migodi mingi ya Kolwezi inaendeshwa na makampuni ya China, na watoto wanaijua bendera yao nyekundu yenye nyota za manjano. Ni vizuri waijue. Walimu, wafundisheni pia handa: ilikuwa shaba yetu, na tuliifua wenyewe.