JamiiForums na Uhai wa Jukwaa la Majadiliano Tanzania

Mwaka 2006, wakati Watanzania wengi waliotumia intaneti waliifuata kwenye vibanda vya mijini au waliipata wakiwa ughaibuni, Maxence Melo na Mike Mushi walianzisha jukwaa la majadiliano lililoitwa JamboForums, ambalo mwaka 2008 lilichukua jina la JamiiForums. Humo mwanachama hufungua uzi, yaani mada yenye kichwa chake, katika sehemu ya siasa, sheria au mahusiano, na wengine huchangia chini yake kwa mfuatano. Kila mchango hubeba namba, tarehe na lakabu, yaani jina la kubuni linaloficha jina halisi la mwandishi, na uzi uliolala kwa miaka hupanda tena juu ya orodha mara mtu anapouchangia.

Muundo huo uliliwezesha jukwaa kudumu hata pale Facebook, na baadaye makundi ya WhatsApp, yalipowavuta watu kwa wingi. Katika kundi la WhatsApp ujumbe wa asubuhi huwa umefunikwa na mingine kabla ya jioni, ilhali kwenye uzi anayetafuta habari za ununuzi wa kiwanja au madai ya ufisadi hukuta hoja, pingamizi na masahihisho ya wadau mahali pamoja, hata kama si mwanachama. Lakabu nayo ilimpa mtumishi wa umma nafasi ya kueleza anayoyajua, nafasi ambayo ni finyu mno kwenye mtandao unaomtambulisha kwa namba yake ya simu.

Ulinzi wa majina hayo ulikuwa na gharama kubwa. Februari 2008 waanzilishi wote wawili walishikiliwa na polisi. Desemba 2016 Melo alikamatwa, kisha akashtakiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kwa kuzuia upelelezi, kwa kuwa hakutoa taarifa za wanachama, na Aprili 2020 alitiwa hatiani katika mojawapo ya kesi zake na kutozwa faini ya shilingi milioni 3. Kabla ya hukumu hiyo, Juni 2018, jukwaa lilifungwa kwa muda kutokana na kanuni mpya zilizowataka watoa maudhui mtandaoni wasajiliwe na kulipia leseni.

Historia hii inaonyesha kwamba jukwaa hudumu pale wachangiaji wanapoamini kuwa maneno yao yatahifadhiwa na majina yao hayatatolewa. Kuhifadhi maneno ni kazi ya mitambo; kuyalinda majina kulihitaji mtu aliye tayari kusimama kizimbani, na taifa linalotaka wananchi waseme wanayoyajua halina budi kuuthamini ujasiri huo.