Siagi ya Shea, Kabla Haijaingia Koponi

Mwaka 1331 Ibn Battuta alitia nanga Mombasa, kisha akateremka hadi Kilwa, na sifa alizoumwagia mji ule hatujaacha kuzitaja. Miaka 21 baadaye msafiri huyohuyo alivuka Sahara kwenda dola ya Mali. Huko alikuta tunda tamu lenye kokwa, nayo kokwa ikipondwa hutoa mafuta. Wenyeji, aliandika, huyapikia, huyawashia taa, hujipaka mwilini na huyachanganya na udongo wa kukandikia nyumba. Wataalamu wengi wanakubali kwamba tunda hilo lilikuwa la mti wa shea.

Wakati huo mafuta yenyewe yalikwisha kuwa ya kale. Katika kijiji cha kale cha Kirikongo, magharibi mwa Burkina Faso, wanaakiolojia walichimbua vipande vingi vya maganda ya kokwa za shea, vya zamani zaidi vikiwa vya karibu mwaka 100 baada ya Kristo. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2016. Kwa hiyo Mungo Park, Mskoti aliyefika mto Niger mwaka 1796, akaonja siagi hiyo na kuisifu kuliko ya maziwa ya ng'ombe, alichelewa kwa karne kumi na saba. Hata hivyo wanabotania wa Ulaya waliubandika mti ule jina lake, wakauita Butyrospermum parkii. Wanawake waliompikia hakuna aliyewauliza majina. Leo jina rasmi ni Vitellaria paradoxa, ingawa jina la Park bado lipo kwenye lebo za vipodozi.

Nasema wanawake kwa sababu kazi hii tangu hapo ni yao. Mti haupandwi. Huota wenyewe, na mkulima anapofyeka shamba huuacha umesimama katikati ya mtama. Matunda yakiiva mwanzoni mwa mvua huanguka, na wanawake huyaokota alfajiri, mapema kabla ya mifugo kuyamaliza. Nyama ya tunda huliwa. Kokwa huchemshwa, huanikwa, hupasuliwa, na kiini chake hukaangwa, hutwangwa na kusagwa hadi kiwe uji mzito wa rangi ya kahawia. Hapo ndipo mkono unapochoka: uji hutiwa maji na kupigwapigwa kwa viganja, muda mrefu, mpaka mafuta yajitenge na kuelea kama povu jeupe. Huenguliwa, huchemshwa, huchujwa, huachwa yagande.

Katika ukanda ambao upepo mkavu wa Sahara hupasua midomo na visigino, faida yake haikuhitaji maabara. Siagi hii huyeyuka kwa joto la mwili na kuacha utando unaozuia maji ya ngozi yasikauke; ndiyo maana hulainisha magaga, na ndiyo maana nywele za kipilipili, ambazo hukauka upesi, husukika bila kukatika ovyo zikipakwa. Ina pia kiasi kikubwa, kuliko mafuta mengi ya mimea, cha viambata visivyogeuka sabuni, ambavyo hutajwa sana katika uwezo wake wa kutuliza ngozi. Kufuta michirizi ya uzazi au kukinga jua kali ni maneno ya wauzaji.

Jambo moja huwashangaza wanunuzi: sehemu kubwa ya shea inayosafirishwa Ulaya huishia kwenye chokoleti, si kwenye ngozi. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2000 inaruhusu mafuta sita ya mimea, shea ikiwemo, kuchanganywa na siagi ya kakao, hadi asilimia 5 ya chokoleti yenyewe.

Kwetu tumezoea kuiona shea kama bidhaa ya Ghana. Lakini jamaa yake, nilotica, huota Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, katika wilaya kama Otuke, Kitgum na Pader. Waacholi huyaita mafuta yake moo yaa: hutiwa kwenye mboga, na watoto wachanga hupakwa. Ni laini kuliko ya magharibi kwa sababu yana asidi ya oleiki zaidi. Kwenye joto huweza kuwa majimaji kabisa, na mnunuzi asiyejua akadhani yamechakachuliwa.

Vita vya waasi wa Lord's Resistance Army viliwafungia wakazi wa kaskazini mwa Uganda kambini kwa miaka mingi. Amani iliporudi, magari ya mkaa yakafuata. Shea hutoa mkaa mzuri, na mkaa hulipa wiki hiyohiyo, ilhali siagi husubiri msimu. Mei 2023 Rais Yoweri Museveni alitoa amri ya kupiga marufuku mkaa wa biashara kaskazini mwa nchi. Mti wa shea usiounganishwa kikonyo huchukua miaka 15 hadi 20 kuzaa, kwa hiyo mche ulioota mwezi ule wa amri hautarajiwi kutoa kokwa kabla ya mwaka 2038.