Vipepeo wa Michoacán

Kwa muda mrefu wataalamu hawakujua vipepeo wafalme wa Kanada na Marekani ya mashariki waendako majira ya baridi. Fred Urquhart wa Toronto na mkewe Norah wakawabandika mabawani vikaratasi vyenye namba. Vya kwanza vilibanduka kwa mvua. Hatimaye, Januari 1975, Ken Brugger na Catalina Aguado wakawakuta kwa mamilioni juu ya miti ya oyameli, mlimani Cerro Pelón, Meksiko. Mwaka uliofuata Urquhart mwenyewe akamwokota huko mmoja aliyebandikwa karatasi Minnesota.

Tendo hili huitwa uvumbuzi, neno nisiloliridhia. Wenyeji waliwajua tangu zamani, wakiwahesabu kuwa roho za wafu wao, kwani hufika mwanzoni mwa Novemba. Na ndio hao waliokatazwa, kwa amri ya 1986, kukata miti msituni mwao, pasipo fidia ya maana.

Idadi hukisiwa kwa eneo la msitu wanalofunika: yapata hekta 18 majira ya 1996-97, hekta 0.9 majira ya 2023-24. Wala si shoka peke yake. Huko kaskazini dawa za mashambani zimeteketeza magugu ya utomvu mweupe, chakula pekee cha viwavi wao.