Kusubiri Pantoni, Kusubiri Mwanga

Ukitaka kujua Kilombero ilikuwaje, usianze na picha ya daraja. Daraja la Magufuli ni zuri, sikatai: mita 384, lilizinduliwa mwaka 2018. Lakini apitaye pale hushusha kioo cha gari, akapiga kwa simu, huyoo kaondoka. Kabla ya hapo, sisi wa Ifakara tuliotaka kwenda Lupiro au Mahenge tulikuwa na kivuko, na kivuko, ndugu msomaji, maana yake ni kusubiri. Unafika alfajiri, pantoni iko ng'ambo. Unakalia gunia la mpunga la mwenzio, unanunua samaki wa kukaanga, unapata habari za misiba ya Malinyi. Masika mto ukifura mpaka hujui wapi unaishia na wapi mbuga inaanza, unaweza kulala palepale.

Hiyo ndiyo iliyokuwa hali ya mahali pale. Najiuliza ni nani aliyeipiga picha.

Wapigapicha wa mwanzo katika nchi zetu nao walikuwa watu wa kusubiri, watake wasitake. Kamera ilikuwa sanduku juu ya miguu mitatu, na picha ilishikwa kwenye kioo kilichopakwa dawa. Mwanga ulitaka muda wa kuingia. Aliyetikisika aligeuka moshi. A. C. Gomes alikuwa na studio yake Unguja tangu karne ya 19. Baadaye Mjerumani Walther Dobbertin akazunguka na kamera bara, kabla na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Picha zake leo zinatunzwa katika nyaraka za taifa la Ujerumani. Zitazame nyuso za enzi zile. Zimekauka. Tumezoea kusema ni machungu ya kutawaliwa, na huenda ni kweli, ila sehemu ya ukimya ule ni amri tu: tulia hapohapo! Mpigapicha alisubiri kwa kupenda, mpigwaji kwa kuambiwa. Tena jina la mpigapicha tunalo, la mpigwaji mara nyingi hatunalo.

Subira ya namna nyingine ni ya mkazi. Ranchhod Oza, mzaliwa wa India, alifungua Capital Art Studio Unguja mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaja kuirithi kazi. Ndani walipiga watu waliovaa wakapendeza. Nje waliupiga mji wao wenyewe, mitaa na majahazi, miaka nenda miaka rudi. Mgeni anangoja mawingu yaondoke. Mkazi anajua ni saa ngapi kivuli kinafika kwenye mlango upi. Kwangu mimi tofauti ni kubwa.

Kwetu Mlabani hapakuwa na studio yenye jina la kuandikwa vitabuni. Tulikuwa na mzee mmoja mwenye kamera ya mkanda, na pazia lililochorwa ndege na maua, kana kwamba Udzungwa haionekani dirishani! Mkanda ulikuwa wa picha 36, na wa rangi ulipelekwa Dar es Salaam kusafishwa. Ukipiga ovyo umekula hasara. Kwa hiyo mzee alikuwa anatazama sana, anabofya kidogo. Zaidi ya yote alipenda Kivukoni, saa ile ukungu unapoanza kujitenga na maji. Alikuwa anakwenda na baiskeli, anakaa kwenye foleni kama abiria, wala havuki.

Januari 2016 upepo mkali uliipindua pantoni ikiwa na watu. Baadaye daraja likafunguliwa na foleni ikafa. Nani aililie foleni? Hata mimi siitaki irudi.

Ila ipo picha moja ya mzee naitaka. Kaipiga kutoka nyuma ya foleni. Hakuna uso hata mmoja: migongo, vikapu, mtoto kalala begani, macho yote yako ng'ambo. Hajaiuza kamwe, maana nani anunue picha aliyoipa kisogo? Negativu zake zimo kwenye bahasha za kaki, na joto la bonde limeshaanza kuziotesha ukungu pembeni. Nilipomwomba anisafishie kopi alishangaa kweli.

"Ya nini, mwanangu? Mbona wewe humo?"