Watu 21 waliokosekana Musoma

Ukitoka Kigoma mjini, baada ya kilomita 28 hivi unafika Kidahwe, pale barabara inapogawanyika: huku Kasulu na milima ya Buha, huku Uvinza. Mwaka 2017 na 2018 damu ya watoto wa mkoa huu ilisafiri mbali kuliko kote huko. Tone moja lililokaushwa juu ya karatasi lilipelekwa maabara ya Bugando, Mwanza, kwa sababu mama wa mtoto alikuwa na virusi vya UKIMWI na mtoto alitakiwa apimwe. Watafiti wakaona kwamba karatasi ikishatoa jibu hilo, bado ina damu ya kujibu swali jingine: selimundu imeenea kiasi gani?

Ni swali la zamani. Mwaka 1949 Hermann Lehmann na Alan Raper walitangaza kwamba miongoni mwa Waamba wa magharibi mwa Uganda, karibu nusu ya waliopimwa walikuwa na chembe za damu zenye uwezo wa kujikunja kama mundu. Miaka michache baadaye akaja Anthony Allison, daktari kijana aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya. Alizunguka Afrika Mashariki na vipande vya kioo: tone la damu, dawa kidogo ya kuondoa oksijeni, kisha kusubiri chembe zijikunje. Ramani aliyoitoa mwaka 1954 ilikwenda sambamba na ya malaria. Ukanda wa pwani na wa Ziwa Viktoria ulijaa wabebaji. Nyanda za juu zenye baridi hazikuwa nao, au walikuwa wachache mno. Mbebaji, yaani aliyerithi kinasaba cha selimundu kwa mzazi mmoja tu, alikuwa na kinga dhidi ya malaria kali. Aliyekirithi kwa wazazi wote wawili ndiye mgonjwa.

Kioo lakini hakitofautishi hao wawili. Chembe za wote hujikunja. Ilibidi himoglobini itenganishwe kwa umeme, na hapo ndipo yalipopatikana matokeo ya Musoma, kando ya Ziwa Viktoria, yaliyotoka mwaka 1956. Kati ya watoto 287, 89 walikuwa wabebaji na 9 wagonjwa. Kati ya watu wazima 654, wabebaji walikuwa 249. Wagonjwa? Watano tu.

Mwaka 1908 mwanahisabati Mwingereza, Hardy, na daktari Mjerumani, Weinberg, kila mmoja kwa njia yake, walikuwa wameonyesha jinsi ya kukisia idadi ya waliorithi pande zote mbili, ukishajua kinasaba kimeenea kiasi gani. Kwa watoto wa Musoma kanuni yao inatoa 10, na waliopatikana ni 9. Kwa watu wazima inatoa 26. Wako wapi wale 21? Vidole vilivimba, macho yakawa manjano, damu ikapungua, mtoto akazikwa, na pengine ikasemwa ni homa. Anayehesabu wagonjwa kwa kuwatazama watu wazima ataapa kwamba ugonjwa huu ni wa nadra.

Si kila ugonjwa wa kurithi unakubali hesabu hii. Magonjwa ya mitokondria, vile viwanda vidogo vya nguvu ndani ya seli, mengi hupita kwa mama peke yake, na ndugu wa tumbo moja wanaweza kurithi viwango tofauti kabisa vya kasoro ileile. Kanuni ya Hardy na Weinberg haiwasaidii wanaoyahesabu. Watafiti wa Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, walilazimika kufuatilia wagonjwa na koo zao kwa miaka mingi, hadi mwaka 2015 wakatoa makadirio ya mtu mzima mmoja katika kila 4,300, wakiwamo wenye kasoro hiyo wasioumwa bado.

Bugando hawakuwa na haja ya kusubiri hivyo. Walikuwa na karatasi 17,200 kutoka mikoa tisa ya kaskazini-magharibi mwa Tanzania, Kigoma ikiwamo. Wabebaji walikuwa 3,492, yaani mtoto mmoja katika kila watano. Wagonjwa walikuwa 210. Kanuni ile ya 1908 ingetoa 222. Pengo la 12 linaweza kuwa bahati tu ya sampuli, halifanani na lile la watu wazima wa Musoma. Watoto wenyewe walikuwa hawajavuka miaka miwili.